Maji Yanayosaga: Vinu vya Maji vya Afrika Mashariki na Kazi ya Kuvifufua

Mhadhara kwa wakazi wa Issuna, Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida

Issuna haina mto unaotiririka mwaka mzima. Mvua za Singida huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na kwa mwaka mzima kiasi chake huwa kati ya milimita 500 na 800. Zikishakatika, makorongo hubaki mchanga mtupu, na maji hutafutwa visimani na malamboni. Mtu akiuliza kinu cha maji cha Issuna kiko wapi, jibu ni fupi: hakuna maji ya kukizungusha.

Hata hivyo habari za vinu vya maji zinawahusu watu wa Issuna kuliko wengi. Hapa ni nchi ya uwele na mtama, nafaka ngumu zilizosagwa kwa mawe kwa karne nyingi kabla ya mashine ya dizeli kuletwa. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Msagaji hupiga magoti nyuma ya jiwe la chini lililoinamishwa kidogo upande wa mbele, hushika jiwe la juu kwa mikono miwili, husukuma kwa uzito wa kiwiliwili chote, hurudisha, husukuma tena, na unga huanguka kwenye ungo au ngozi iliyotandikwa mbele. Unga wa mlo mmoja wa nyumba yenye watu wengi huchukua saa nzima au zaidi, na kesho kazi huanza upya. Historia ya kinu cha maji, popote duniani, ni historia ya jinsi saa hiyo ilivyoondolewa mabegani mwa mtu na kutwikwa mto.

Waroma waliiondoa mapema. Vitruvius, mhandisi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza gurudumu linalozungushwa na maji likisukuma jiwe kwa meno ya giya. Kule Barbegal, kusini mwa Ufaransa, magurudumu 16 yalipangwa kwenye mteremko mmoja katika karne ya pili baada ya Kristo, maji yakishuka kutoka gurudumu hadi gurudumu. Na mfalme wa Uingereza alipoamuru mali yote ya nchi iandikwe mwaka 1086, makarani wake walihesabu vinu zaidi ya 5,000. Karibu kila kijiji chenye kijito kilikuwa nacho.

Oman, nchi yenye udugu wa damu na pwani yetu, nayo ilikuwa na vinu vyake. Huko maji ni machache, na husafirishwa kwa mifereji ya kale iitwayo aflaj, ambayo mitano kati yake UNESCO iliiingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nyuma ya mji wa Sohar, wanaakiolojia wamekuta mabaki ya vinu vya karne za mwanzo za Uislamu. Mafundi walijenga mnara wa mawe wenye shimo la wima katikati, mfereji ukajaza shimo hilo, na maji yakatoka chini kwa nguvu kupitia tundu dogo na kupiga mapanga ya gurudumu lililolala. Maji kidogo, yakipandishwa juu vya kutosha, yalisaga nafaka ya kijiji kizima, kisha yakaendelea na safari yake kwenye mitende bila kupungua hata tone.

Swali gumu zaidi linahusu Afrika Mashariki yenyewe. Wachaga wa Kilimanjaro walichimba mifereji inayofuata kingo za mabonde kwa kilomita kadhaa. Wamarakwet wa Kenya walivusha maji juu ya miamba kwa magogo yaliyochongwa. Engaruka, chini ya kingo za Bonde la Ufa, kuna mashamba ya mawe na mifereji iliyotumika kati ya karne ya 15 na ya 18. Watu hawa waliujua mteremko kwa macho tu, bila kipimo cha fundi. Lakini wote waliyatumia maji kumwagilia, na unga uliendelea kusagwa kwa mkono. Wengine husema ni kwa kukosa maarifa. Hoja hiyo haina nguvu. Kinu kinahitaji chuma, na chenye gurudumu la wima kinahitaji giya pia; zaidi ya hapo kinahitaji mtu mwenye mamlaka aone kwamba saa za mwanamke jikoni zina thamani ya kugharamiwa.

Gurudumu la maji liliingia Magharibi ya Kenya kupitia misheni. Agosti 1902 Wamarekani watatu wa dhehebu la Quaker, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi na kuanzisha Friends Africa Industrial Mission. Nia yao ilikuwa kufundisha Injili pamoja na kazi za mikono, kwa hiyo walitafuta mahali penye msitu wa mbao na mto wenye maporomoko. Chilson alikuwa fundi. Maji ya Kaimosi yakafungiwa mashine ya kupasua mbao, na baadaye kinu cha kusaga nafaka. Hotchkiss hakukaa sana. Alihamia upande wa Lumbwa, kwa Wakipsigis, akaanzisha misheni yake mwenyewe.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kukumbukwa zaidi, nacho hakikufanywa na wamisionari. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay, yalifungua mashamba makubwa Kericho. Wafanyakazi wao walilishwa posho ya unga wa mahindi. Mwaka 1931 dhahabu ikagunduliwa Kakamega, na maelfu ya wachimbaji nao wakahitaji posho. Wakulima wa Kiafrika wakaona soko. Walipanua mashamba ya mahindi, na wengi waliona kwamba faida inakaa kwenye unga kuliko kwenye punje. Kwa Wakipsigis, wanaume wa mtaa mmoja walichanga fedha, wakanunua mawe ya kusagia na vyuma, wakachimba mfereji kwa majembe, wakaunda gurudumu la mbao, na kugawana mapato. Vinu vya aina hiyo vilienea kandokando ya vijito vya Kericho na maeneo jirani tangu miaka ya 1930. Ni viwanda vya kwanza vya vijiji hivyo, vilivyojengwa kwa mtaji wa wanavijiji wenyewe chini ya utawala wa kikoloni.

Sasa kuhusu ufundi wenyewe. Watu husimama mbele ya gurudumu na kulipiga picha, lakini gurudumu ndiyo sehemu rahisi. Kinu huanzia juu mtoni, penye banio, ukuta mdogo wa mawe au magogo unaoinua maji na kuyaelekeza mfereji. Mfereji hutembea karibu usawa, ukishuka sentimita chache tu kwa kila mita 100, huku mto wenyewe ukiporomoka bondeni. Tofauti kati ya kimo cha mfereji na kimo cha mto ndiyo nguvu yote ya kinu. Mwishoni mwa mfereji kuna mlango wa maji, ubao unaopandishwa na kushushwa. Ukifungwa, maji hupita pembeni na kurudi mtoni.

Hesabu yake yeyote anaweza kuifanya. Chukua lita 50 za maji kwa sekunde, zianguke mita 4. Zina nguvu ya karibu wati 2,000. Gurudumu linalopokea maji kutoka juu, yakijaza vikasha vyake na kuliburuta kwa uzito, hukamata asilimia 60 au zaidi. Gurudumu linalosukumwa na mkondo chini yake hukamata chini ya nusu ya hapo. Mwingereza John Smeaton aliyapima haya kwa vielelezo vidogo na kuyachapisha mwaka 1759: sehemu mbili kwa tatu hivi kwa gurudumu la juu, na kama moja ya tano kwa la chini. Kijito chetu cha mfano, basi, kinatoa wati 1,200. Mtu mzima mwenye afya, akifanya kazi ya kusukuma kutwa, hutoa wati 75 hivi. Kijito kimoja ambacho mtoto anaweza kukivuka kwa miguu kinafanya kazi ya watu 16, usiku na mchana, bila kula.

Gurudumu kubwa huzunguka polepole, mara 10 hivi kwa dakika. Jiwe linataka kuzunguka mara 100 au 120. Ndiyo maana kuna giya: gurudumu kubwa la meno hukamata dogo, dogo huzungusha mhimili, mhimili huzungusha jiwe la juu. Jiwe la chini halisogei. Katika vinu vikubwa vya Ulaya jiwe la juu lina upana wa mita moja na robo na uzito unaokaribia tani, nalo limening'inizwa kwa namna ambayo haligusi la chini kamwe. Penye kitovu nafasi kati yao ni ya kupitisha punje. Ukingoni imebana hadi unene wa karatasi. Mawe yakigusana huchomana, unga hunuka moshi, na cheche zinaweza kuwasha vumbi la unga.

Uso wa kila jiwe umechongwa mifereji midogo inayotoka katikati kwenda ukingoni. Mifereji ya jiwe la juu inapokutana na ya jiwe la chini hukata punje kwa mtindo wa mkasi, kisha huusukuma unga nje. Mifereji hiyo huisha makali. Kinu kinachosaga kila siku lazima kisimamishwe kila baada ya wiki chache, jiwe la juu linyanyuliwe na kugeuzwa, na fundi akae chini na patasi yake kulichonga upya, mstari kwa mstari, kwa siku nzima au zaidi. Msagaji naye hakai mbali na mdomo wa unga. Kila mara hukinga kiganja, huchukua unga kidogo ukiwa bado na joto na kuusugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiwa na chembechembe, hushusha jiwe kidogo. Ukiwa umeshikana na moto, hulipandisha. Hakuna chombo kilichowahi kuchukua nafasi ya vidole hivyo.

Kwa nini basi vinu hivi vilikufa? Hesabu ileile inatoa jibu. Injini ya dizeli ya nguvu farasi 15 hutoa wati 11,000, mara tisa ya kijito chetu, nayo hufungwa popote barabara inapofika. Kinu cha nyundo kinachozungushwa na injini hiyo hakihitaji fundi wa kuchonga mawe. Nyundo zikiisha hugeuzwa, chekeche ikitoboka hununuliwa nyingine. Mwanamke aliyekuwa akishuka bondeni na debe la mahindi kichwani, kilo 18 hivi, na kupanda nalo tena likiwa unga, alipata mashine sokoni, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu kwa kuikimbilia. Kisha ikaja mashine ya kukoboa, na pamoja nayo upendo wa sembe nyeupe. Kinu cha mawe hutoa dona: punje nzima pamoja na pumba na kiini chake. Dona ina lishe zaidi, lakini mafuta ya kiini huchacha baada ya wiki chache, kwa hiyo haifai kukaa dukani. Sembe ilishinda kwa sababu ya biashara kabla ya kushinda kwa sababu ya ladha.

Sababu ya mwisho ni mito yenyewe. Msitu wa chanzo ukikatwa, mvua hushuka kwa fujo siku moja na kubomoa banio, kisha mto hukonda kwa miezi. Watu wakilima hadi kingo, tope huziba mfereji. Juu ya mto hufungwa pampu za umwagiliaji. Kinu hakifi kwa gurudumu kuvunjika, maana gurudumu seremala anaweza kulitengeneza. Hufa maji yanapoacha kufika.

Hapo ndipo kazi ya kufufua inapokosewa mara nyingi. Wafadhili hupenda kuanza na gurudumu kwa kuwa linaonekana. Linaundwa jipya, linapakwa rangi, linazinduliwa, na msimu wa kiangazi linakauka. Mbao za gurudumu zimezoea kulowa. Zikikauka hupasuka, na sehemu iliyokauka huwa nyepesi kuliko iliyolowa hivyo gurudumu huyumba na kula mhimili wake. Kinu kilichofufuliwa bila kusaga huharibika haraka kuliko kilichoachwa gofu. Kazi ianze kwenye miti ya chanzo, iende kwenye banio, kisha mfereji, kisha kuta na paa, kisha gurudumu, na mwisho mawe. Na kabla ya yote, wawepo watu waliokubaliana nani atausafisha mfereji. Wachaga walilijua hili: mfereji ulikuwa na mkuu wake, siku ya kuusafisha ilitangazwa, na asiyefika alitozwa faini.

Uingereza ilijifunza kwa kupoteza. Kufikia miaka ya 1930 vinu vyake vingi vilikuwa vimeshafungwa, na chama cha kulinda majengo ya kale, SPAB, kikaunda mwaka 1931 kitengo cha vinu. Uholanzi ilikwenda mbele zaidi kwa kumlinda msagaji pamoja na kinu chake: mwaka 2017 ufundi wa kuendesha vinu vya upepo na vya maji uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Watu wa kujitolea hufundishwa hadi wanapofuzu, ndipo hukabidhiwa vinu. Nepal ilichagua njia yake. Vinu vidogo vya milimani, vyenye gurudumu lililolala, viliwekewa magurudumu ya chuma yenye mapanga bora katika majengo yaleyale na kwa wasagaji walewale. Nguvu ikaongezeka, na kinu kikaweza kukoboa mpunga na hata kuzalisha umeme. Wapo wanaosema huko ni kuharibu urithi. Kwa maoni ya mwandishi wa mhadhara huu, Nepal ndiyo iliyoelewa vizuri zaidi, maana wanakijiji wameendelea kuwa na sababu ya kutengeneza mfereji.

Tanzania Bara ina mifano ya maji kubadilishiwa kazi bila kuachwa. Misheni na hospitali kadhaa zilifunga mitambo midogo ya umeme wa maji: Ndolage mkoani Kagera mwaka 1961, Peramiho mkoani Ruvuma mwaka 1962, Rungwe mwaka 1964. Mawengi, wilayani Ludewa, mradi wa wanakijiji wenyewe huuza umeme wa mto wao majumbani na kwenye mashine za kusaga. Banio na mfereji ni vilevile. Gurudumu limeingia ndani ya bomba.

Zanzibar inafundisha upande mwingine, ule wa kutunza majengo. Jengo la Zahanati ya Kale kando ya bahari, Barabara ya Mizingani, lililoanzishwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887, lilikuwa linaoza hadi Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulipolikarabati miaka ya 1990, na mafundi wa hapohapo wakajifunza upya kazi ya chokaa na mbao za kuchonga. Beit al-Ajaib, jengo maarufu kuliko hilo, lilikuwa bado katika ukarabati sehemu yake ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Kuchelewa nako kuna gharama, na hulipwa na wasiohusika.

Huku Tanzania Bara, sheria nayo ina pengo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940. Kinu cha misheni kilichojengwa 1910 au 1930 hakimo, hadi waziri akitangaze rasmi. Mmiliki anaweza leo kuuza mawe yake, kung'oa vyuma kwa bei ya chakavu, na asivunje sheria hiyo. Miaka 1863 na 1940 ilichaguliwa na watu waliofikiria misikiti, ngome na milango. Mashine hazikuwamo akilini mwao, na huu ni wakati wa kuirekebisha sheria hiyo. Anayetaka kurudisha maji kwenye mfereji wa kale anahitaji pia kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde lake, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Hapa Singida mjini ndiko zilipo ofisi za Bodi ya Maji Bonde la Kati, kwa hiyo utaratibu huo si mgeni kwa watu wa mkoa huu.

Issuna haitafufua kinu cha maji. Ina kitu cha zamani zaidi: mawe ya kusagia yaliyo nyuma ya nyumba, mengine yakiwa ngazi za mlango au yakishikilia mabati, na miamba ya granati yenye mashimo laini yaliyochimbwa na vizazi vya wasagaji. Miamba hiyo leo inapasuliwa kuwa kokoto. Baadhi ya mawe hayo yanaweza kuwa ya kabla ya 1863, kwa hiyo sheria iko upande wake, lakini haiwezi kulinda jiwe ambalo halijaandikwa popote. Serikali ya kijiji, pamoja na walimu na wanafunzi, inaweza kuyaorodhesha kabla ya mvua zijazo: jiwe liko nyumba ipi, lina urefu na upana gani, lilichongwa kutoka mlima upi, lilisaga uwele, mtama au ulezi, lilirithiwa kutoka kwa nani, na lilichongwa upya mara ngapi kwa mwaka. Majibu ya maswali mawili ya mwisho wanayo akina bibi waliosaga kwa mikono yao kabla mashine ya dizeli haijafika, na wao ndio wa kuanza kuulizwa.